Upinde wa Kuazima

Jumamosi ya kuamkia Pasaka ya mwaka juzi mpwa wangu alibisha hodi nyumbani kwangu saa kumi na mbili jioni. Kwa kawaida huingia kwa kelele, "Shikamoo mjomba," na kabla sijamaliza kuitikia marahaba amekwisha kufika jikoni kufunua masufuria. Siku hiyo alisimama mlangoni akasema, "Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji." Niliitikia Amina bila kuinua macho. Nilikuwa nahangaika na mahubiri ya kesho yake, na mtu anayehangaika na mahubiri ya Ufufuo hasikii vizuri. Sikusikia kwamba hakuniita mjomba.

Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, kile cha wageni wasiokaa sana. Akaniambia kuna jambo linamsumbua, ameiba. Nikaweka kalamu chini. Ameiba nini? Akasema, "Upinde." Upinde wa nani? "Wa rafiki yangu. Wa kwenye gemu."

Nilicheka. Hakikuwa kicheko cha dharau, au ndivyo nilivyojiambia. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyeogopa kusikia neno zito, kisha akasikia jepesi. Naye akacheka kidogo kwa adabu, akanywa chai, tukazungumza habari za presha ya mama yake, akaaga. Kesho yake, washarika walipoanza kuja madhabahuni kwa Chakula cha Bwana, safu baada ya safu, nilimwona amebaki amekaa kwenye benchi, anaangalia mikono yake. Jumapili iliyofuata hakuja. Hakuja kwa miezi minne.

Ninayasimulia haya kwa ruhusa yake. Amesoma maneno haya kabla ya mhariri, na kuna mambo mawili aliyoniomba niyaondoe, nimeyaondoa. Baadaye kulikuwa na ungamo lenyewe, na yaliyosemwa humo hayamo humu wala hayatakuwemo popote. Ninachoandika ni kile alichoniambia nje ya ungamo, kwa saa nyingi, katika kibanda chake cha kutengeneza simu, na kile ambacho kicheko changu kimenilazimisha kukifikiri.

Nafundisha maadili ya Kikristo katika chuo cha theolojia. Nimekwisha kuwasomesha wachungaji wa kesho juu ya vita vya haki, juu ya talaka, juu ya rushwa. Kuhusu michezo ya kwenye kompyuta na simu nilikuwa na somo la dakika kumi hivi: inapoteza muda, inamaliza bando, inafundisha vijana kuua. Mpwa wangu anazo hoja zake juu ya jambo hilo, na nakiri kwamba amelifikiri kwa muda mrefu kuliko mimi.

Gemu lake linaitwa RuneScape. Lilitoka Cambridge, Uingereza, mwaka 2001, na analocheza yeye ni toleo la zamani, lililofufuliwa mwaka 2013 kutoka nakala iliyohifadhiwa ya Agosti 2007. Picha zake ni za kizamani, za pembepembe kama vinyago vilivyochongwa kwa haraka. Ndiyo maana simu yake ya bei nafuu inaliweza. Unatengeneza mtu wako, unampa jina, unamwingiza katika nchi yenye vijiji, migodi, misitu na mazimwi, na humo unakuta maelfu ya watu wengine kutoka duniani kote, kila mmoja nyuma ya sura yake. Unaweza kupigana. Lakini unaweza pia kukata miti, kuvua samaki, kupika, kuchimba chuma, kushona. Nilishangaa kusikia kwamba kijana aliyekataa shamba la babu yake anakesha akilima magugu ya kwenye skrini. Nilimwambia hivyo. Akajibu, "Shamba la babu halina namba, mjomba."

Hiyo namba ndiyo hoja yake kuu. Katika gemu lake kila kazi ina daraja, kuanzia 1 hadi 99, na kila tendo linaongeza pointi. Ukikata gogo moja, pointi zinaingia hapo hapo, unaziona zikielea juu. Kufika daraja la 99 katika kazi moja kunahitaji pointi 13,034,431. Anaitaja namba hiyo kama sisi tunavyotaja 1517. Na kadiri unavyopanda, ngazi zinazidi kuwa ndefu, hata ukifika daraja la 92 ndiyo kwanza umefika katikati ya safari. Lakini ukikaza, utafika. Hakuna anayeweza kukunyima. Hakuna anayekuuliza wewe ni mtoto wa nani.

"Shuleni nilipanda madarasa yote," aliniambia huku anaondoa kioo kilichopasuka kwenye simu ya mteja. "Kidato cha sita, chuo, cheti ninacho. Hakuna mlango uliofunguka. Kule nikifanya kazi inahesabiwa. Mnasema tunakimbia ukweli. Mimi nimekimbilia mahali penye haki."

Kuhusu magemu mengine ni mkali kuliko mimi. Yale yanayomruhusu mwenye fedha kununua nguvu na kuwapiga wasio nazo anayaita rushwa iliyopakwa rangi. Kuhusu kubeti aliniuliza swali ambalo bado linanichoma: kwa nini nimehubiri dhidi ya gemu mara tatu anazokumbuka, na dhidi ya mikeka ya kubeti hajanisikia hata mara moja, wakati wazee wawili wa kanisa anawaona kila Jumamosi dukani kwa jirani yake wakijaza? Nimelipeleka swali hilo mahali pake, na si hapa pa kulimaliza.

Lakini hebu tukae kidogo na hiyo nchi ya namba. Mwanafunzi yeyote wa theolojia ya Kilutheri angepaswa kuitambua harufu yake. Ni nchi ambamo mtu anahesabiwa haki kwa matendo, na kwa kweli anahesabiwa. Paulo alisema njia hiyo haifiki, na Luther alijitesa ndani ya monasteri mpaka akaamini kwamba haifiki. Mtunga programu wa Cambridge ameijenga, na inafika. Nilitaka kumwambia mpwa wangu kwamba huo ni uongo mtamu, kwamba mbele za Mungu hakuna daraja la 99. Nikanyamaza, kwa sababu nilikumbuka anayafahamu makanisa yetu. Amemsikia mtangazaji akisoma majina ya waliotoa ahadi za ujenzi, kuanzia kubwa kwenda ndogo. Anajua nani hukaa viti vya mbele. Tunakiri neema kwa vinywa, lakini pointi zetu nazo zinaelea juu, na zetu hazina hata ule unyofu wa kumhesabia sawasawa mtoto wa mkulima.

Sasa upinde.

Katika gemu hilo kuna silaha moja iitwayo Twisted Bow. Hainunuliwi kwa mtunga gemu. Inapatikana kwa bahati, baada ya mapambano marefu ya ndani ya pango, na kuna watu wanaoingia pango hilo mamia ya mara wasiione. Thamani yake kati ya wachezaji ni zaidi ya sarafu bilioni moja za gemu. Mpwa wangu alikuwa na rafiki mle ndani. Hajawahi kumwona wala kusikia sauti yake. Ni mtu wa nchi nyingine, mkubwa kwake kwa umri, mlinzi wa usiku, na waliandikiana kwa Kiingereza cha wote wawili kilichochechemea. Kwa miaka miwili walikata miti pamoja. Ukiniuliza walizungumza nini, ni yale yale: mvua, mishahara, mama wa huyu na mama wa yule.

Huyo rafiki aliupata upinde. Wiki chache baadaye akamwambia mpwa wangu, chukua, utumie siku mbili ufanye ile kazi iliyokushinda, utanirudishia.

Hapa naomba msomaji avumilie ufundi kidogo, kwa sababu sijawahi kuona kitu kama hicho katika kitabu chochote cha mahubiri. Katika toleo hilo la gemu hakuna utaratibu wa kuazima. Kuna kubadilishana tu. Watu wawili wanafungua dirisha, kila mmoja anaweka chake, wanabonyeza kukubali. Kisha, kwa kuwa matapeli ni wengi, linafunguka dirisha la pili linalouliza tena: unatoa hiki, utapokea hiki, una uhakika? Kama upande wa pili haukuweka kitu, gemu linaandika wazi kwamba utakachopokea ni hakuna kitu kabisa. Yule mlinzi wa usiku alisoma maneno hayo, na akabonyeza kukubali.

Mpwa wangu alikuwa na nia ya kurudisha. Naamini. Lakini wiki ile ile mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kama wenye nyumba wa mjini wanavyofanya, na yeye alikuwa na ya mwezi mmoja. Kuna watu wanaonunua sarafu za gemu kwa dola. Kanuni za gemu zinakataza, lakini wapo. Aliuza upinde, akauza sarafu, kodi ikalipwa na chenji ikabaki. Kisha akaliondoa jina la rafiki yake kwenye orodha ili asiweze kumwuliza.

Hiki ndicho nilichokicheka.

Kuna njia rahisi ya kukitetea kicheko changu, na wanafunzi wangu waliitoa mara moja nilipowapa kisa hiki bila kutaja mtu. Upinde haupo, walisema. Ni picha. Ni tarakimu katika mashine iliyoko mbali. Huwezi kuiba kisichokuwepo. Mmoja akaongeza kwamba hata kwenye bao mtu hula kete za mwenzake na hakuna anayemwita mwizi.

La bao nalikubali, na mpwa wangu naye ana fundisho lake juu ya hilo. Katika gemu lao kuna eneo la kaskazini liitwalo Wilderness, yaani Nyika. Huko mchezaji anaweza kumwua mwenzake na kuchukua alivyobeba. Lakini kabla ya kuingia kuna mtaro, na lazima uuvuke kwa miguu yako. Anayevuka amekubali. Anayeua huko, asema mpwa wangu, hajafanya kosa kuliko anayekula kete, na mimi naona amesema sawa. Somo langu la dakika kumi juu ya kufundisha vijana kuua lilipaswa kuanzia kwenye mtaro huo. Upinde, hata hivyo, haukuchukuliwa Nyikani. Ulitolewa mjini, kwa amani, kwa neno la ahadi.

Kuhusu tarakimu, niliwaomba wanafunzi watoe simu zao na waangalie salio. Fedha zenu ziko wapi? Hakuna mwenye noti ndani ya simu. Kuna namba, katika mashine iliyoko mbali, na namba hiyo ni ada ya mtoto. Mtu akituma ujumbe wa uongo akaihamisha kwake, hakuna mchungaji atakayecheka. Tunalia naye. Thamani haikai ndani ya kitu chenyewe. Inakaa katika jasho lililotangulia na katika watu wanaokiheshimu kitu hicho.

Na jambo hili limekwisha kuamuliwa mahali. Mwaka 2007, katika mji wa Leeuwarden, Uholanzi, vijana wawili walimpiga mvulana wa miaka 13 na kumtisha mpaka akaingia kwenye akaunti yake ya gemu hili hili na kuwaachia hirizi na kinyago. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu ya Uholanzi, na mwezi Januari 2012 mahakama ikasema ule ni wizi. Utetezi ulikuwa ule ule wa wanafunzi wangu, kwamba vitu hivyo havipo. Mahakama ikaangalia muda na bidii ambayo mtoto alikuwa ameitumia kuvipata, na kwamba alikuwa navyo kisha akanyang'anywa. Majaji hawakucheka.

Najua kuna jibu lingine: kwamba kwa mkataba, kila kitu ndani ya gemu ni mali ya mtunga gemu, na mchezaji ana ruhusa ya kutumia tu. Sawa. Basi yule mlinzi hakuwa na upinde. Alikuwa na kitu kimoja tu kilichokuwa chake kweli, nacho ni imani yake kwa rafiki, na hicho ndicho kilichouzwa. Katika Katekisimo Ndogo Luther anapoeleza amri ya saba haishii kwenye mkono unaoingia mfukoni. Anataja pia hila na biashara ya udanganyifu, kisha anageuka na kusema tumsaidie jirani kulinda alicho nacho na riziki yake. Amri inamtazama jirani kuliko inavyokitazama kitu.

Lakini jirani gani, mtu atauliza, wakati unachokiona ni kinyago chenye jina la ajabu? Hili ndilo nadhani Kanisa letu halijalifikiri. Tumeshughulika sana na swali la kama kijana anayempiga zimwi la kuchora anatenda dhambi, na hatujauliza kama kuna mtu ndani ya sura inayosimama kando yake.

Nitatoa mfano ambao si wa mpwa wangu. Uchumi wa Venezuela ulipoporomoka na fedha yao ikawa karatasi, watu wengi wa nchi hiyo waligundua kwamba katika RuneScape wanaweza kuua mazimwi ya kijani, kuuza mifupa na ngozi zao kwa sarafu, na kuuza sarafu kwa dola. Ilikuwa kazi ya kuchosha, saa baada ya saa, kwa mapato ambayo kwa Mmarekani yasingekuwa kitu, na kwa Caracas yalikuwa chakula. Ilikuwa ni kuvunja kanuni za gemu, na wachezaji wengine walilalamika kwa haki kwamba inaharibu bei. Mazimwi hayo yako Nyikani, ng'ambo ya mtaro. Basi mwaka 2017 ukasambaa kati ya wachezaji mwongozo wa jinsi ya kuwawinda Wavenezuela mahali pale: uwatambueje, uwasemeshe nini kwa Kihispania, uwaue vipi.

Kwa sheria ya mtaro, wawindaji hawakuvunja chochote. Kete zilikuwa halali. Nilipomweleza mpwa wangu kwamba nimesoma habari hizo, nilidhani atawatetea, kwa kuwa anazipenda kanuni. Alikaa kimya akasafisha bisibisi kwa kitambaa. Kisha akasema kwamba yule anayemwua mchezaji amecheza, lakini yule anayemtafuta mtu kwa sababu ana njaa hachezi tena, hata kama anabonyeza vitufe vile vile. Nimefundisha maadili miaka kumi na moja na sidhani ningeliweka vizuri zaidi.

Nabii Nathani alimwendea Daudi na hadithi ya tajiri aliyemchinja mwanakondoo wa maskini. Tajiri yule hakuwepo. Mwanakondoo hakuwepo. Daudi alimkasirikia mtu wa kubuniwa kwa hasira ya kweli, akamhukumu kifo, ndipo alipogundua amejihukumu mwenyewe. Huwa tunaihubiri hadithi hiyo kama hila ya nabii. Siku hizi naisoma kama onyo kwa wale wanaosema kwamba kinachotendeka ndani ya hadithi hakimgusi mtu. Daudi alikuwa ndani ya hadithi kuliko alivyokuwa ndani ya jumba lake.

Kuna jambo jingine katika historia ya gemu hili ambalo nimelifikiri sana. Wizi na uuzaji wa sarafu ulipozidi, watunzi walichukua hatua kali. Mwishoni mwa 2007 waliondoa mauaji ya Nyikani kama yalivyokuwa, na mwanzoni mwa 2008 wakaweka mipaka kwenye kubadilishana: huwezi kumpa mwenzako kitu chenye thamani kubwa kuliko atakachokupa, isipokuwa kwa tofauti ndogo. Kwa maneno mengine, zawadi ilifutwa. Nchi nzima ambamo huwezi kuibiwa, kwa sababu huwezi kutoa. Wachezaji waliandamana mle mle ndani ya gemu, sura kwa maelfu zimesimama viwanjani. Hatimaye kura ikapigwa, zaidi ya milioni moja, wengi mno wakitaka ya zamani yarudi, na mwezi Februari 2011 yakarudi, pamoja na matapeli wake.

Sisemi walipiga kura kwa ajili ya injili. Wengi walitaka tu kuuana tena. Hata hivyo ile nchi ya namba, mahali pa haki ambapo kila gogo linahesabiwa, watu wake walipopewa usalama kamili kwa bei ya kutoweza kupeana bure, hawakuutaka. Lile dirisha linaloandika kwamba utapokea hakuna kitu kabisa lilikuwa mlango wa tapeli, na lilikuwa pia mlango pekee ambao kitu kisichostahiliwa kingeweza kupitia. Mpwa wangu alikuwa na madaraja yake yote, kila moja la jasho lake. Kitu pekee mle ndani ambacho hakukifanyia kazi kilikuwa ule upinde. Na hicho ndicho alichokiuza.

Alikuwa anakifahamu vizuri alichokifanya. Ndiyo maana alikuja kwangu Jumamosi ya kuamkia Pasaka na si kwa wakili.

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 linasema katika kifungu cha 11 kwamba ondoleo la dhambi kwa mtu mmoja mmoja lidumishwe makanisani, ingawa si lazima kuzihesabu dhambi zote. Na Katekisimo inafundisha kwamba mbele ya mchungaji tunaungama zile dhambi tunazozijua na kuzisikia moyoni. Wanafunzi wangu wanaandika hayo kwenye mtihani na kupata alama. Tunachosahau ni kwamba kipimo kimewekwa katika moyo wa anayeungama, na hakikuwekwa katika ujuzi wa anayesikiliza. Mchungaji hakupewa kazi ya kupima kama dhambi ni nzito vya kutosha. Mtu akija na furushi, unalipokea. Mimi nilililinganisha na mafurushi mengine niliyowahi kubeba, nikaliona jepesi, nikacheka, na yeye akaondoka nalo.

Niseme pia lile linaloniuma zaidi. Kama angekuja kuniambia ameiba simu ya mteja, nisingecheka, kwa sababu simu naijua. Nilicheka kwa kuwa sikuijua nchi anayokaa usiku. Wamisionari waliokuja milimani kwetu, wale tunaowasoma kwa heshima, baadhi yao walicheka hivyo hivyo waliposikia wazee wetu wakitubu makosa ambayo hayakuwa na jina kwa Kijerumani.

Nilikwenda kibandani kwake mwezi Agosti. Nilikuwa nimepeleka simu yangu itengenezwe, au hicho ndicho kisingizio nilichobeba. Nilimwomba radhi mbele ya mteja mmoja aliyekuwa anasubiri chaji, kwa sababu mteja hakuwa tayari kuondoka na mimi nilijua nikiahirisha sitarudi. Mpwa wangu alisema, "Yameisha, mjomba." Nikamwambia sikuja kama mjomba. Akaniangalia, akafunga kibanda mapema.

Tangu hapo tumezungumza sana juu ya kurudisha. Zakayo aliahidi mara nne, naye alikuwa na mali. Mpwa wangu angeweza kutafuta dola akanunua sarafu na upinde kwa siku moja, lakini huko ni kulipa deni la wizi kwa kuvunja kanuni nyingine, na hataki. Amechagua kuutafuta kama ulivyotafutwa. Nilimwambia kwamba msamaha wa Mungu hausubiri upinde. Akasema anajua, lakini yule mlinzi anausubiri. Sikuwa na la kuongeza. Tumezoea kuwaonya watu wasilipe ili wasamehewe, na tuko sahihi. Hatujazoea kukutana na mtu aliyesamehewa ambaye kwa sababu hiyo hiyo anataka kulipa, tukamwacha afanye hivyo bila kumpa semina.

Ilimchukua mwaka na zaidi ya miezi miwili. Siku alipoupata alinipigia simu saa tisa usiku, nami niliamka nikidhani kuna msiba. Alikuwa anapiga kelele kama mtu aliyeona goli la dakika ya mwisho. Mke wangu aliuliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna, mtoto amepata upinde. Aliguna, akalala.

Jina la rafiki alikwisha kulirudisha kwenye orodha yake zamani. Katika gemu hilo, mwenzako asipokuwepo unaona nyekundu. Lakini nyekundu ina maana nyingi. Huenda mtu hayupo tu saa hiyo. Huenda ameacha kucheza. Huenda amekuzuia usimwone, na gemu haliwezi kukuambia ni lipi kati ya hayo. Mlinzi wa usiku anaweza pia kuugua, au kufa, kama mtu yeyote. Mpwa wangu hajui jina lake halisi, wala mji wake.

Jumapili baada ya ibada, akiwa amekuja kula kwetu, hutoa simu kabla ya chakula na kuiwasha. Nami siku hizi huinama kuangalia pamoja naye. Upinde uko bengini mwake, hautumii. Jina bado ni jekundu.